Taa Nyekundu Nyumbani kwa Mama

Wapambanaji wenzangu, kaka Kulwa na dada Doto,

Shikamooni. Nawaita wapambanaji kwa makusudi, kwa kuwa tangu Baba atutoke sisi watatu tumekuwa jeshi la mama mmoja, na sasa jeshi hilo limeingia vitani. Mama ameamkaje? Anakula? Mguu wake unaendeleaje? Huku Dar es Salaam mimi ni mzima wa mwili, lakini tangu Doto anipigie simu juzi, sijalala. Mwandiko huu mtauvumilia. Nimechagua barua kwa sababu simu ya Kulwa husikilizwa na duka zima. Anaileta mwenzangu wa chuoni anayerudi kwao Kharumwa.

Mnakumbuka likizo iliyopita nilivyopanda ngazi, Kulwa ukiishikilia huku unanicheka: "Msomi wetu! Miaka mitatu chuo kikuu, kumbe unasomea kubadilisha balbu!" Nami nikakuhutubia kutoka juu, kwamba elimu isiyofika kwa mkulima ni anasa ya wachache. Nilizifunga balbu nne za kubadilika rangi mwenyewe bila fundi, nikaweka ruta yenye laini ya simu juu ya kabati la vyombo, nikaziunganisha zote na simu yangu, ziwake jioni na kuzimika saa nne, Mama asihangaike kuinuka na mguu ule. Kisha swichi za ukutani nikazifunika kwa solotepu, maana swichi ikizimwa balbu hainisikii tena. Mama akauliza, "Na mimi nikitaka kuzima?" Nikamjibu, "Hutahitaji, Mama." Mimi ninayepiga kelele kila siku kwamba mamlaka yarudishwe kwa wananchi, nilimnyang'anya mama yangu swichi ya nyumba yake.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Jumapili jioni tulikuwa bwenini tukibishana kama teknolojia ni ya mnyonge au ya tajiri. Nikasimama juu ya kitanda: "Makamanda, tazameni! Nipo huku, na nyumba ya mama yangu mkulima inanitii!" Nikabonyeza. Nikazigeuza taa zote kuwa nyekundu, rangi ya mapambano, nikaziwasha na kuzizima, nikaziwasha na kuzizima, wakanipigia makofi.

Sikujua kwamba dakika hiyohiyo jirani yetu Mama Holo alikuwa ameketi sebuleni kwa Mama, akipumzika njiani kutoka zahanati, amempakata mjukuu mwenye homa. Nyumba ikawa nyekundu. Hakuna aliyegusa swichi. Na mtoto akashikwa na degedege mikononi mwake.

Mtoto yu hai, namshukuru Mungu. Lakini Doto, maneno yako hayanitoki: "Shija, kisimani hakuna anayemwamkia Mama. Jana mzee wa sungusungu amepita, akamtazama machoni, akaondoka bila kuaga." Macho yale ya Mama yamekuwa mekundu kwa moshi wa samadi kavu aliyotupikia sisi badala ya kuni. Nani atalisema hilo? Sisi wa kwetu tunajua mama mjane mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na tunajua hufanywa nini kijiji kikishanyamaza. Ninaogopa, ndugu zangu. Sijawahi kuogopa hivi, hata mbele ya mabomu ya machozi.

Nilipoongea na Doto nilisema zing'oeni balbu haraka. Nalifuta agizo hilo. Zikitoweka kimyakimya watasema Mama ameficha vifaa vyake. Ziacheni mahali pake, ila bandueni solotepu, Mama azime na kuwasha kwa mkono wake, milango ikiwa wazi. Alale kwa Doto. Na wewe Kulwa, nakusihi, usimfuate mtu yeyote na panga.

Nitakuja. Nitaiweka simu mkononi mwa Mama Holo abonyeze mwenyewe, aone taa inamtii na yeye. Ninachohofia ni kwamba atakataa kuigusa. Ninachohofia zaidi ni kwamba nikikiri kuwa ni mimi, mtu atauliza: "Na wewe nani alikufundisha, kama si mama yako?" Hotuba zangu zote hazina jibu la swali hilo. Kwa hiyo iteni mkutano: katekista aje, na mwenyekiti wa kitongoji, na muuguzi wa zahanati aeleze habari za homa na degedege kabla mimi sijafungua mdomo.

Nisalimieni shemeji yangu, mume wa Doto, mwambieni namtegemea alinde mlango usiku. Nisalimieni shangazi anayemsaidia Mama kuchota maji. Asiache kuandamana naye kisimani, na amwamkie kwa sauti, kila mtu asikie. Mama mwambieni Shija anaomba radhi, na kwamba nitaiomba tena mbele ya watu.

Ni mimi mdogo wenu,
Shija

Mkutano ni Jumamosi, saa tisa alasiri, mbele ya nyumba ya Mama. Basi likinichelewesha, msiahirishe. Anzeni, na Mama msimkalishe peke yake upande mmoja. Kaeni naye, mmoja kulia, mmoja kushoto.