Picha Zenu za Likizo na Macho ya Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 11 Februari.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu, na za Baba pia, ambaye sasa hivi yuko uani anaota jua. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na watoto je, kile kikohozi cha mdogo kimeisha au bado kinawakesha? Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba asubuhi tunaamka. Mgongo unaniuma kwa kusimama kwenye duka la picha kutwa nzima, na miguu ikifika jioni imeumuka kama mkate. Hayo ni ya umri, dawa yake ni kulalamika, na kulalamika nimeacha kwa kukosa msikilizaji.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Ningekupigia simu, lakini nyumba hii unaijua, vyumba viwili na ukuta mwembamba, na mambo ninayotaka kusema hayatakiwi kusikika chumba cha pili. Ujumbe wa simu nao utausoma ukiwa kwenye foleni, kisha unijibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa. Hili si la kidole gumba. Kaa chini, usome.

Picha zenu za likizo zilifika zote, sitini na nne. Ahsante sana. Uliniandikia, "Dada, zichape umpe Mzee, ajione kama tulikwenda naye." Maneno hayo yalinigusa. Siku ileile nilizichapa kwenye mashine ya studio saa ya mapumziko, wala sikuzitazama vizuri, maana nje kulikuwa na mstari wa watu wa picha za pasipoti, kila mmoja akiapa kwamba masikio yake si makubwa kiasi kile.

Nikamletea ndani ya bahasha. Alikaa dirishani akazitoa moja moja, anazipapasa kwa vidole vyake vya fundi cherehani kama mtu anayekagua kitambaa. "Lo, wamekua hawa!" akasema. "Na huyu mdogo ni mama yenu mtupu." Nikafurahi, nikaendelea kumenya viazi. Baadaye nikapita nyuma yake kufuata sufuria, nikatupa jicho begani kwake. Picha aliyokuwa ameishika, ile ya mjukuu aliyefanana na marehemu mama, ilikuwa ya kiti cha ufukweni kilichoanikwa taulo.

Nikamuuliza taratibu, "Baba, hapo yuko nani?"

"Si mjukuu wangu huyo. Tazama alivyokaa kwa adabu."

"Baba, hicho ni kiti."

Akailaza picha mapajani, akainyoosha kona iliyojikunja, akainyoosha tena ingawa ilikuwa imeshanyooka. "Basi ni kiti," akasema. "Usimwambie mwenzio. Atajiona amenikosea."

Nilimwitikia, na sasa namgeuka. Nisamehewe. Nimechoka kutunza siri za watu wazima.

Na mimi nina kosa langu. Kila ulipouliza habari za macho yake nilikuambia yanaendelea vizuri, kwa sababu ulikuwa na yako ya kutosha huko. Hayaendelei vizuri. Ni ileile presha ya macho, na imekwenda mbali. Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa macho. Jicho la kulia limezimika kabisa. La kushoto limebaki na uwazi mdogo katikati, anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Yale matone anayotiwa asubuhi na jioni yanazuia tu, hayarudishi. Nikauliza, zimebaki siku ngapi? Daktari akasema labda mwaka, labda miezi, hakuna anayejua. Akasema kitu kimoja ambacho nimekishika: bado anaona, ila kitu kiwe kikubwa, kiwe kwenye mwanga, na cheupe kiachane na cheusi waziwazi.

Nikarudi dukani, nikazimwaga picha zenu juu ya meza, nikazitazama kwa macho ya kazi. Mdogo wangu, usinikasirikie. Hata mimi mwenye macho mawili mazima sikuwaona. Wifi amesimama mbele ya maji yanayong'aa na anga jeupe, uso wake mweusi kama muhuri wa ofisini. Watoto wamepigwa saa saba mchana wakiwa na kofia, macho yao mashimo matupu. Wengine wako mbali huko kwenye mchanga, nawe ukawavuta kwa simu, wakaja kama punje za mtama. Mlipokula mezani taa zikiwa hafifu, kila mtu ana pua mbili. Kumi na tisa umezipiga kwenye dirisha la gari linalokwenda. Kumi na tisa!

Siku tatu nilikula chakula cha mchana nikiwa nimesimama kwenye kompyuta, pamoja na yule fundi wetu tunayemwita Profesa. Zile za giza tulizifungua mwanga, nyuso zikajitokeza kidogo, lakini na chenga zikajitokeza, ngozi ikawa kama imemwagiwa mchanga. Zile zilizotikisika hatukuziweza. Giza napunguza, kilichotikisika kimetikisika. Kompyuta inanoa kingo tu, haijui nyusi za mtoto zilikuwa wapi. Profesa alivua miwani, akaniambia, "Mama, huyu ndugu yako ana mapenzi mengi na mikono isiyotulia." Nikacheka, halafu nikakaa chini, maana nilikuwa nimechoka kuliko nilivyodhani.

Moja tu ndiyo iliyopona. Ni ya arobaini na moja. Watoto wote watatu wako barazani wanakula tikiti, nyuma yao ukuta mweupe, jua halijawafikia ila mwanga unaingia kutoka ule upande ulio wazi. Chini kabisa unaonekana ukingo wa meza, kwa hiyo nahisi aliyepiga aliilaza simu juu ya kitu. Sijui nani alipiga. Nadhani ilikuwa bahati tu. Niliichapa kubwa, ukubwa wa sinia, kwenye karatasi isiyong'aa.

Nikampa asubuhi, dirisha likiwa wazi. Safari hii sikumwambia kitu, si idadi ya watu, si mahali. Aliishika muda mrefu. Akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akaishusha, anatafuta pa kuipitisha kwenye ule uwazi wake. Mimi nimesimama na kikombe cha chai mkononi, naogopa hata kumeza.

Mara akacheka. "Huyu wa kati ameng'oka jino," akasema. "La juu, upande huu."

Mdogo wangu, ile picha niliishughulikia saa nzima na jino sikuliona. Nikainama nikatazama. Kweli, pengo lile pale.

Akawagusa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, bila kukosea. Kisha akauliza, "Na baba yao yuko wapi?"

Nikasema wewe ndiye uliyekuwa unapiga.

"Kila siku ndiye anayepiga," akasema. "Sauti yake naipata kila wiki. Sijui kama ameota mvi."

Nilizipitia tena zote sitini na nne nikikutafuta. Umo katika tatu. Moja ni mgongo wako. Moja ni bega na nusu sikio. Ya tatu umesimama na jua nyuma yako, na anayeweza kuapa kwamba ni wewe ni wifi peke yake. Miaka saba hii Baba hajakuona, na mwenye simu yenye kamera nne ni wewe.

Sasa nisikilize. Uliniambia mwezi ujao mtapata siku nne za mapumziko, mtakwenda tena kulekule. Nataka picha, na nataka zipigwe hivi.

Kabla ya yote futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Nusu ya ule ukungu ni mafuta ya vidole vyako, nakujua tangu utotoni. Halafu achana na habari ya kumsimamisha mtu mbele ya maji au anga. Kamera ikiona weupe mwingi nyuma inadhani mwanga umezidi, inajibana, na wa kuumia ni uso. Mgeuze mtu auelekee mwanga, wewe ndiye uupe mgongo. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, subiri kidogo, utaona uso unafunguka. Nyuma ukiungua na kuwa mweupe wote, uache uungue. Baba hatafuti mandhari.

Jua la saa sita hadi saa tisa liogope. Kama lazima, waweke kivulini, barazani, mlangoni, popote mwanga unapoingia kwa ubavu bila kuchoma. Asubuhi mapema na alasiri ndizo saa zako. Na kofia zivuliwe.

Usiwavute kwa simu. Una miguu, tembea. Nenda karibu mpaka mtoto akuulize unataka nini.

Mikono sasa. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vibane mbavuni, toa pumzi, ndipo ubonyeze kwa upole, usiigonge kama unaua mbu. Ukiwa ndani au jua limeshuka, egemea ukuta au ilaze simu mezani, na waambie watulie, maana mwanga ukiwa mdogo kamera huchukua muda kuukusanya, na anayecheza ndiye anayeota pua mbili. Ile flashi usiitegemee, haivuki hatua tatu nne. Piga tatu tatu kila mara, moja itakuwa na heri.

Na ukituma, usinitumie kama mlivyozoea, zinabanwa njiani zinafika zimekonda. Zitume kama faili, nzito hivyohivyo. Hata zikichukua saa mbili kufika, nitangoja.

Nimekupa somo zima kama mwanafunzi, najua. Watoto piga kadiri utakavyo. Lakini moja nakuomba iwe yako. Mpe wifi simu, kaa kwenye kiti, ukuta mweupe nyuma yako, mwanga upande mmoja, uso utazame kamera. Usicheke kwa kujilazimisha. Kama una mvi, zionekane.

Sikuombi uje. Nimeshakuomba mara mbili, na ile sauti unayoitoa ukianza kueleza habari za likizo fupi na karatasi za kuishi ugenini sitaki kuisikia tena, inatuumiza wote wawili. Ukiweza kuja, mlango unaujua. Usipoweza, basi hii. Miadi yetu ya daktari ni katikati ya Aprili, na ningependa picha ifike kabla, kwa sababu kila tukienda tunarudi na habari pungufu ya ile tuliyoondoka nayo.

Mama mkubwa anakusalimu, anauliza lini utaacha kumpigia simu saa anazosali. Mjomba wa dukani naye anakusalimu. Nibusie wifi, mwambie simlaumu kwa lolote, uso wake ni mzuri, tatizo ni mpiga picha. Waambie wakubwa wawili wamesalimiwa na shangazi, na mdogo umbebe kwa niaba yangu.

Ile picha ya watoto Baba ametaka itundikwe pembeni mwa dirisha. Jana nilipanda kiti, nikapigilia msumari, nikaiweka, yeye akinielekeza juu, chini, hapohapo. Nilipotaka kushuka akanipa msumari wa pili. Akaupapasa ukuta mpaka akapata mahali anapopataka, shubiri moja kutoka kwenye ile picha, akaacha kidole hapo. Hakuniambia wa nini, nami sikuuliza. Nikaupigilia.

Mungu awape afya na riziki, awalinde njiani mwendako na mrudiko, na wewe akujalie mikono isiyotetemeka.

Ni mimi nikupendaye, hata kwa uchovu huu,

Dada yako mkubwa.