Ukuta wa Chumba cha Tatu

Jumanne. Kilosa, mvua tangu alfajiri.

Mahindi yalikuwa yananyauka, kwa hiyo majirani wote leo wanashukuru. Mimi nimeshinda barazani nikiutazama mlango wa chumba cha tatu.

Acha niseme, maana nimechoka kuficha.

Nyumba hii ya vyumba vitano baba aliijenga kwa kiinua mgongo, yeye na wenzake walipopunguzwa kazi miaka ile. Alipofariki, mama akaiendesha. Alikuwa na msumari jikoni, funguo za akiba zote zinaning'inia hapo, na kila ikikaribia Pasaka alipiga chokaa vyumba vyote, mpangaji awepo asiwepo. "Chumba kitupu hakipigiwi hodi," alikuwa akisema. Nyumba nimeirithi mimi, pamoja na msumari na maneno hayo.

Chumba cha tatu anakaa Mama Neema, fundi cherehani, binti wa wafugaji wa Msowero waliohamia kutoka Usukumani. Neema wake alikuwa na miaka mitatu. Malaria ilimchukua kwa siku mbili tu. Wakaenda kumzika Msowero, mama yake akabaki huko mwezi mzima. Aliniomba kitu kimoja, nimwangalizie mlango.

Niliuangalia. Kisha nikaufungua.

Nilijiambia mtoto wa watu akirudi akute chumba kinang'aa, apate nafuu kidogo. Mimi huyo, kanga kiunoni, ndoo ya chokaa mkononi. Nikasogeza kitanda. Ukutani, usawa wa goti langu, palikuwa na alama nyeusi ya mafuta na masizi ya sufuria. Nikasonya. Nikaipitishia brashi mara tatu, kwa kuwa ilikataa kufifia.

Nilijua ni mkono. Hilo sijamwambia mtu hadi leo. Niliviona vidole vyote vitano, nikaendelea.

Aliporudi alisimama mlangoni, begi bado kichwani, akautazama ukuta. Akauliza, "Mama, ulipiga mwenyewe?" Nikajibu ndiyo, tena kwa majivuno. Akasema asante, akaingia.

Tangu siku ile kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo mama," nami naitikia marahaba. Heshima yake haijapungua hata punje, na hiyo ndiyo inayonimaliza. Afadhali angenitukana. Nikisugua sufuria naviona vidole kwenye masizi. Ufunguo wake niliutoa msumarini nikampelekea, akaupokea kwa mikono miwili. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nampa ufunguo wa chumba nilichokwisha kukiibia.

Leo alasiri ameniita. Nimefika kizingitini nikapiga hodi, ingawa kaniita mwenyewe. Nimengoja mpaka aliposema karibu.

Kitanda alikuwa amekisogeza. Bati la upande ule linavuja, amelilalamikia tangu mwaka jana, nami nikawa mtu wa kesho, kesho. Ukuta ulikuwa umelowa chapachapa. Chokaa ikilowa inafifia, yaliyo chini yanaonekana. Nimepiga chokaa tangu usichana, sijui nilisahau vipi.

Mkono ulikuwepo, wa kijivu, mdogo, vidole vimeachana.

Nikakaa sakafuni. Nikalia mimi, mwenye msiba akanitazama tu. Nikamwambia yote, hata kwamba niliviona vidole. Nikamwomba msamaha.

Alikaa karibu yangu, akasema taratibu, "Ukuta ukikauka anaondoka. Mvua ikinyesha anarudi." Kisha akasema, "Mama, lile bati naomba usilizibe."

Nikamwitikia, "Sawa, mwanangu."

Sasa nimerudi barazani na akili zangu za mwenye nyumba. Ukuta ule ni wa matofali ya udongo. Ukinywa maji masika yote utaanguka, na utamwangukia yeye, maana kitanda ameshakirudisha na analala akiugusa. Bati jipya liko hapa nyuma ya mlango wangu. Fundi anakuja na ngazi asubuhi, nilishamwita tangu wiki iliyopita.

Mara ya kwanza niliingia bila hodi nikamfuta mtoto wake. Kesho, kwa kumwokoa mama yake, nimfute tena?