Kiti cha Mbele

Kijiji cha Nong Hin,
Roi Et.

Kwako mdogo wangu Khamsing,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Taiwan haijaipenya ile mifupa ambayo Mama aliijenga kwa taabu na wali wa kunata. Sisi huku hatujambo kwa kiwango chetu. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Kuku mweusi ameangua. Mama anakula, analala, anagombana na Buaphan jirani, kwa hiyo ni mzima. Sukari yake imetulia na bado anakwenda hospitali ya mjini kila mwezi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unauliza la pili kabla sijajibu la kwanza, na kwa sababu nyumba yetu ni ya mbao, na mbao hazitunzi siri.

Najua unachosubiri. Gari limefika. Ni pikapu ya milango miwili, rangi ya fedha, injini yake inanguruma kwa adabu na kiyoyozi kinagandisha. Sasa nikueleze lilivyopatikana, na usiruke kurasa.

Ulipotuma fedha uliniambia neno moja nami nikaliweka moyoni: Mama asipande tena nyuma ya gari kama gunia. Miaka yote ya kukata miwa alibebwa nyuma ya malori ya watu, kitambaa puani, jua kichwani. Ukasema sasa akae mbele, kiyoyozi kimpulize usoni, kijiji kimwone. Ukaongeza sharti kwamba lisiwe gari ambalo mtu amefia ndani, maana humo Mama haingii hata umwelekezee bunduki.

Nilitafuta mpaka macho yakauma. Hapa kwetu magari yapo, lakini kila muuzaji ni binamu wa mtu, na binamu hung'ang'ania bei kama kupe. Mengine yalilala kwenye mafuriko. Yanang'aa juu, ukiinua zulia unakutana na mto. Ndipo nikaona tangazo la mzee mmoja wa Trang, kule kusini kabisa, jina lake Charoon, mkulima wa mpira. Nikampigia. Alijibu taratibu. Akanitajia mwenyewe mkwaruzo uko wapi, tairi gani limechoka, na kwamba kiti cha dereva hakisimami sawasawa. Nikampenda. Nikasema huyu ni mtu wa kweli, maana anajitia hasara kwa mdomo wake. Nilipomuuliza kama kuna mtu aliyefia ndani, akasema hapana, akakohoa. Kikohozi nikakihesabia uzee, nikamtumia amana.

Buaphan alinicheka. Alisema gari linalouzwa mbali ni kama mwali anayeozwa mbali: nenda kaulizie kwao kwa nini majirani hawakumposa. Nikamjibu kwamba yeye aliolewa nyumba ya tatu tu kutoka kwao na bado mumewe analalamika. Tulicheka sana siku ile.

Nikapanda basi mpaka Trang. Gari lile nililikagua kama daktari wa jeshi. Nilinusa mazulia, nililegeza skrubu za chini ya viti kutafuta kutu ya mafuriko, nikalala kifudifudi kwenye tope la mzee. Yeye alisimama pembeni bila kunihimiza. Gari safi. Kiti cha dereva tu ndicho kilicholala nyuma kama kitanda. Ukikivuta kinasimama nusu, ukikiachia kinarudi polepole. Springi imechoka, nikasema, mimi fundi wa kujifunza kwa macho. Nikalipa fedha zilizobaki.

Hapo mkewe, Riam, akatoka ndani na koja la maua, utepe na vijiti vya udi, kuja kumuaga Bibi wa gari. Unajua ilivyo: gari likibadili mikono, anayeuza lazima amuage Bibi, roho mlinzi wa gari, na kumkabidhi mwenye kununua. Na Bibi hadanganywi. Mtu anaweza kumdanganya mkewe, serikali, hata mtawa wa hekaluni, lakini amdanganyaye Bibi wa gari hafiki aendako. Riam akapiga magoti mbele ya boneti akaanza kusema, kwa kile Kikusini chao cha kumeza nusu ya kila neno, haraka kama mvua juu ya bati. Alijua mtu wa kwetu haokoti kitu hapo. Hakujua kwamba niligema mpira kule kusini, na lugha uliyotukaniwa na nyapara huisahau kamwe.

Aliomba radhi. Alimwambia Bibi kwamba wamelazimika kumficha mgeni ukweli, kwa kuwa pale wilayani hakuna asiyejua, na hakuna anayetaka hata kuliegemea gari lile. Akamwomba amfikishe mgeni salama, hana kosa. Kisha sauti ikabadilika, akasema na mwanawe. Alimwita Wit. Akamwambia asihuzunike kupelekwa mbali, ila aamke sasa, gari linaondoka.

Nilingoja udi uishe. Nikamuuliza, kwa Kikusini, Wit alikuwa na umri gani.

Mzee Charoon aliketi chini, palepale kwenye tope. Riam hakuinamisha macho. Aliniambia kijana alikuwa anarudi kutoka kupeleka mpira mjini, amechoka, akaegesha kando ya barabara, akalaza kiti, akafunga vioo na kuacha injini inawaka kwa ajili ya kiyoyozi. Moshi wa injini ukamkuta usingizini. Kiti kiliharibika walipokuwa wanamtoa.

“Sasa umesikia,” akaniambia. “Ungekuwa wewe, mwanangu, ungemwambia mnunuzi?”

Nikamwambia ningemwambia. Nilisema kwa sauti kubwa, kama mtu asiye na gari la kuuza.

Mzee akaingia ndani, akarudi na bahasha yangu vilevile ilivyokuwa, akaniambia niichukue, amana pia atairudisha. Hapo ndipo ningekuwa mtu, Khamsing. Lakini Mama alikuwa ameshaalika watawa, wali ulikuwa umeshalowekwa, na Buaphan ameshawatangazia wote siku ya gari kufika. Nikajiona nikishuka kwenye basi na bahasha mkononi, na yeye amesimama getini na yule mwali wake aliyeozwa mbali. Nikamrudishia mzee bahasha yake. Njia nzima kuja nyumbani niliendesha nimekaa wima, sikuegemea.

Mama aliniuliza kama kuna aliyefia ndani, kabla sijazima injini. Nikasema hapana, hakuna. Mtawa mkuu akachovya kidole kwenye chokaa ya baraka, akachora alama zake kwenye dari juu ya dereva, akauliza gari lilikuwa la nani. Nikasema la mzee mkulima ambaye macho yake yamechoka. Kisha Mama akakaa mbele. Picha umeiona: kitambaa kipya, mkoba magotini, hataki kucheka na anacheka. Tulikizunguka kijiji, na tulipomaliza akaniambia nipite tena kwa Buaphan, polepole. Safari ile uliilipia na uliipata. Likumbuke hilo kwa haya yanayofuata.

Watu niliwaweza. Bibi sikumweza. Kila nikishika usukani nilihisi ananitazama kisogoni. Alfajiri moja, Mama akiwa jikoni anavukiza wali, nilikwenda kwenye gari, nikawasha udi, nikapiga magoti kama Riam alivyopiga, nikasema yote. Nusu nilisema kwa Kikusini, ili na kijana aelewe. Nilimwomba Wit amwachie mama yangu kile kiti cha pembeni, nacho cha dereva kibaki chake. Nilipoinuka, Mama alikuwa nyuma yangu na kikapu cha wali. Akarudi jikoni. Kosa la Riam nililifuata mpaka mwisho wa nchi, nikalibeba, nikaja kulifanya nyumbani kwetu.

Siku ya hospitali ilipofika nikamfungulia mlango wa mbele. Mama akaupita. Akapanda nyuma, akatandika mkeka, akafunga kitambaa puani kama enzi za miwa. Nikamsihi aingie ndani, jua kali, watu wanaangalia.

“Mbele kuna mwenyewe,” akasema. “Endesha.”

Buaphan alimuuliza kulikoni. Mama akamjibu kwamba kiyoyozi kinamuumiza kifua. Mama yetu huyo, aliyetuchapa kwa uongo wa embe moja. Sasa nyumba nzima tumehitimu, na anayeambiwa ukweli hapa ni Bibi peke yake. Kila alfajiri Mama anaweka matonge mawili ya wali juu ya boneti. La Bibi ni tupu. La kijana analiwekea na yai, amelimenya mwenyewe.

Nimeweka tangazo. Amenipigia mtu wa Chiang Rai, kaskazini kabisa, sauti ya adabu, anataka awe anampeleka baba yake shambani. Akauliza tairi, nikamwambia lipi limechoka. Akauliza viti, nikamweleza. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyefia ndani. Nikakohoa. Nimemwambia nitampigia. Gari ni lako, mdogo wangu, kwa hiyo niandikie nimwambie nini. Usiniambie niamue mwenyewe, maana umeshaona nikiamua.

Wasalimie wenzako wa kiwandani. Buaphan anakusalimu, anauliza lini utaoa, na usioe mbali. Mama hajui kusoma, lakini anajua ninachokuandikia. Nimemuuliza kama ana neno. Akasema nikuandikie kwamba huko bwenini kwenu, hata baridi ikiwa kali namna gani, usilale madirisha yamefungwa.

Ni mimi kaka yako,
Bunloet