Nusu Mbele ya Mlango

Dada yangu Spesi, popote ulipoamkia leo,

Mimi ni Mwanne wa Ujiji, yule mdogo wako uliyekuwa ukimsuka nywele huku umembana kichwa kwa magoti ili asikimbie. Sijui kama barua hii utaipata. Naiandika wazi, nitampa yeyote anayepanda boti kwenda kwenu, aisome na awasomee wengine, mpaka ifike kwa mtu anayekufahamu. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nitakapokosea unisamehe. Tena nina usingizi. Mtoto wa kunyonya amelala mapajani, mkubwa amelala kitandani mbele yangu, na mimi ndiye niliyebaki macho.

Huyo mkubwa anaitwa Zuhura. Ana miaka saba, na alizaliwa mguu wa kushoto umepinda kwa ndani. Leo asubuhi alikuwa afanyiwe upasuaji, na alipofika mlangoni akagoma. Nataka nikueleze yaliyotokea pale, kwa sababu na wewe ulikuwepo. Ila kwanza turudi ufukweni Kibirizi.

Unakumbuka ulivyokuja? Miaka ile ya vita vya kwenu boti zilishusha watu wengi kuliko samaki. Mama aliniacha nikilinda dagaa, akarudi amekushika mkono. Ulikuwa na sufuria lisilo na mfuniko, na kitenge umekifunga mgongoni kama cha kubebea mtoto, lakini ndani hakukuwa na mtoto. Mimi nikadhani ndivyo wasichana wa kwenu wanavyovaa.

Mama akawaambia majirani kwamba wewe ni mtoto wa shangazi yetu wa Simbo. Bi Tatu wa nyumba ya pili akakusikiliza ukisalimia, akacheka.

"Mtoto wa Simbo gani huyu, mbona Kiswahili chake kinapanda mlima?"

"Na Simbo kuna mlima," mama akamjibu. "Chota maji yako uende."

Kazi yetu mimi na wewe ikawa kulinda dagaa. Asubuhi tunawaanika mchangani, jua likipanda tunawageuza, na mchana kutwa tunafukuza kunguru kwa kijiti chenye kitambaa. Ile michana ilikuwa mirefu, dada. Ziwa linakuwa jeupe mpaka huoni linapoishia na mbingu zinapoanzia, milima ya Kongo inapotea na kurudi, inapotea na kurudi, kama kifua cha mtu aliyelala. Ndani ya weupe ule ndipo ulipoanza kunisimulia Nusu.

Nchi ya akina Nusu ilikuwa imeibiwa mwezi. Dubwana moja, jina lake Mzito, liliuvuta mwezi likaufungia chini kabisa ya ziwa, na tangu siku hiyo watu wa nchi ile wakasahau kuota ndoto. Wanaume wenye vifua kama majabali waliteremka mmoja mmoja kuufuata. Hakurudi hata mmoja, maana mlango wa Mzito ulikuwa na tabia yake: ukiusukuma, unanenepa. Kadiri mwenye kusukuma anavyokuwa na nguvu, ndivyo nao unavyojaa. Akabaki Nusu, msichana mfupi kama mwiko wa ugali, aliyeitwa hivyo kwa sababu siku aliyozaliwa mkunga alisema huyu ni nusu ya mtu. Akashuka ziwani amepanda samaki mgebuka, kama watu wanavyopanda baiskeli.

Sheria yako ilikuwa moja. Kila ukituliza sauti, lazima niitikie "ego", ile "ndiyo" ya kwenu ambayo hata bibi zetu Waha wanaisema. Nisipoitikia, hadithi inasimama palepale.

"Hadithi haitembei peke yake," ulikuwa ukisema. "Mmoja anatembea, mwenzake anamwambia nakuona."

Siku moja nikakuuliza kama Nusu hakuogopa.

"Aliogopa. Meno yaligongana mpaka samaki wakadhani kuna ngoma."

"Basi siyo shujaa."

Ukanipiga kofi dogo la kisogoni. "Kwani wale waliosukuma mlango ndio mashujaa? Wale walikuwa na nguvu tu. Mwenye nguvu hajui kama ana moyo, hajawahi kuuhitaji."

Siku ile ya mgebuka mvua ilitukuta tukiwa chini ya ziwa mimi na wewe, hatukusikia hata radi. Mama alipofika dagaa walikuwa wanaelea. "Haya," akasema, "huyo Nusu wenu aje awanunue." Tulikula dagaa wenye harufu wiki nzima, na kila tonge ulikuwa unanikonyeza.

Kuna kipande kimoja ulikuwa unakipita upesi. Kabla hajafika ziwani, Nusu alitembea porini siku tatu na mdogo wake mgongoni. Siku ya tatu mgongo ukawa mwepesi. Hapo ulikuwa unatulia kidogo, na mimi naitikia "ego" kwa pupa, nataka tufike kwenye samaki. Unisamehe kwa zile ego zangu. Nilikuja kuelewa hadithi ile ilikuwa ya nani siku nilipojifungua Zuhura, nikafunga kitenge changu mwenyewe, nikausikia uzito wake.

Kisha akaja mjomba wako kutoka kambi ya wakimbizi. Akasema kwenu kumetulia, watu wanaandikishwa kurudi. Siku ya mwisho tulikaa mchangani kama siku zote, nawe ukaendelea. Nusu akafika kwenye mlango wa Mzito. Mlango hauna kitasa, hauna komeo. Akainua mkono wake mdogo. Ukatulia, unaningoja.

Nikafunga mdomo. Akili yangu ya kitoto ilikuwa imeniambia kwamba hadithi isipoisha, huwezi kuondoka.

"Mwanne, itikia basi."

Nikawatazama kunguru wakila dagaa wa mama.

"Mwanne. Mdogo wangu."

Jioni ukaondoka, kitenge umekifunga mgongoni vilevile ulivyokuja nacho, na Nusu tukamwacha pale, mkono juu.

Nami nimemsimulia Zuhura hadithi hii tangu wenzake walipoanza kumwita Kiguru. Nikifika mlangoni namwambia tutamalizia kesho. Kesho hiyo haikuwahi kufika, na yeye si mtoto wa kusahau.

Sasa sikiliza ya leo. Nesi alimshika mkono, akaniambia kwa upole, "Mama, wewe mwisho wako hapa." Mlango wa chumba cha upasuaji ni mweupe, una kioo kidogo juu, Zuhura hakifikii. Akaketi sakafuni.

"Siingii mpaka uniambie Nusu alifanyaje."

Baba yake yuko ziwani. Mtoto mgongoni analia. Daktari wa mifupa ni mgeni, yupo siku chache tu, foleni ni ndefu, na tukipitwa leo hakuna anayejua lini tena. Nilitaka kumnyanyua nimsukumie ndani. Nguvu hizo ninazo, nabeba magunia mazito kuliko yeye. Nikainama nimshike, na mikono ikakumbuka ule mlango unaonenepa. Nikachuchumaa mbele yake.

"Sijui," nikamwambia. "Niliikata hadithi mwenyewe, nilipokuwa mdogo kama wewe. Kuingia utaingia, hilo halina mjadala. Lakini simulia wewe. Mimi nitaitikia."

Akafuta pua kwa kiganja.

"Nusu akafika mlangoni."

"Ego."

"Anatetemeka miguu yote miwili."

"Ego."

"Akainua mkono."

Ni hapohapo nilipokunyima, dada. Nilikuona ukiwa umekaa mchangani, unanitazama. Nesi ndiye aliyeitikia "ego" badala yangu, Muha wa watu, bila hata kuulizwa.

"Akapiga hodi," Zuhura akasema.

Wanaume wote wale, na vifua vyao, hakuna hata mmoja aliyekuwa amepiga hodi. Zuhura akasimama, akauegemea mguu mzuri, akagonga ule mlango mweupe kwa vidole vyake.

"Hodi."

Sauti ilikuwa inatikisika kama maji kwenye ndoo. Ndani mtu akaitika, "Karibu." Akaingia akichechemea, na hakugeuka nyuma kunitazama.

Sasa amelala. Mguu umefungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka juu ya goti, vidole vitano vimechungulia, nimevihesabu mara nyingi kuliko haja. Daktari anasema mifupa ya watoto ina usikivu, tungoje. Huenda atatembea kama wenzake, huenda atachechemea kidogo maisha yake yote. Siku ya kulifungua hogo sitaisukuma, itafika yenyewe. Dirisha la wodi linatazama ziwa, na ziwa leo ni jeupe kama zamani. Nikilegeza macho kidogo naona watoto wawili chini yake, wamepanda mgebuka, na mmoja ni mfupi kama mwiko. Usingizi huo, nisikufiche.

Huenda wewe ulikuwa na mwisho mwingine. Kama upo hai, na naamini upo, nataka niusikie. Siyo lazima uje. Nimalizie tu hukohuko, ukiwa unapalilia au unamsuka mwanao, pale Nusu alipoinua mkono. Ulituliza sauti ukaningoja, na mimi nikakunyima neno moja tu uliloniomba. Nimekutembeza peke yako miaka yote hii bila mtu wa kukuambia nakuona.

Ego, dada. Ego.

Mdogo wako wa mchangani,
Mama Zuhura