Turbo Kubwa, Pampu Ile Ile

Shoga, uko wapi? Nina hasira, we acha tu!

Gari limekufa. Mume wangu kaliua, na mama yake akiwa ndani!

Unaikumbuka ile turbo kubwa, ile mashine ya kusukuma hewa kwenye injini, aliyokuwa akiitazama kwenye simu kama picha ya mchumba? Kaifunga garini. Fundi alimwambia, "Hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezeke. Pampu na nozeli za kunyunyiza petroli ulizonazo hazitoshi. Usikanyage mafuta kwa nguvu mpaka tuzibadilishe." Mbele yangu, shoga! Akaitikia, "Sawa, sawa." Sikio la kufa halisikii dawa.

Leo tunampeleka mama mkwe uwanja wa ndege. Wewe unajua nilivyoisubiri siku hii. Kwenye mlima, kigari cha jirani yetu kikatupita. Bwana akakanyaga mpaka mwisho.

Likaruka kweli. Mara likakohoa, nikasikia mlio kama sufuria inapigwa nyundo, moshi ukatanda, kimya. Fundi kaja, kasema pistoni imetoboka: hewa tele, petroli haba, injini imeungua.

Nikamuuliza, "Si uliambiwa usikanyage?"

Unajua alinijibu nini? "Lakini uliona lilivyovuta?"

LILIVYOVUTA! Tuko kando ya barabara na masanduku, ndege inapita juu ya vichwa vyetu, yeye ananiuliza kama niliona lilivyovuta!

Sasa tumerudi nyumbani. Mama mkwe kashafungua sanduku, anapanga upya vyombo vyangu. Teksi hataki hata kuisikia. Ataondoka gari likipona, kwa sababu dereva anayemwamini ni mwanawe tu.