Penina Anataka Kuusoma Wimbo Mwenyewe

Ihumwa, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Dada Angelina,

Shikamoo dada. Kwa heshima zote nautangazia ukoo, kupitia kwako wewe mkubwa wetu, kwamba kiti changu cha kupumzikia kilivunjika Jumanne, nami nikiwa ndani yake. Wifi yako Emilia alicheka mpaka akakaa chini. Mazishi yamefanyika jikoni, tumekifanya kuni za kupikia maharage. Baada ya msiba huo, nauliza: hamjambo huko Kondoa? Na goti la shemeji je? Sisi wazima, ila mimi naugulia mahali ambapo hata daktari simwonyeshi.

Nataka nikueleze habari za mwanangu Penina kwa utulivu, maana kwenye simu niliropoka. Shuleni kwao, kwenye kitengo cha wasioona, amekuja mwalimu mpya, Cornel, anayeujua muziki wa nukta nundu. Mimi dada, pamoja na kuimba sauti ya tatu kanisani miaka yote hii, sikujua kama kuna kitu hicho. Nikamwomba anionyeshe. Kumbe ni nukta zilezile Penina anazosomea Kiswahili, ila zimepewa kazi nyingine: nukta za herufi f, zikifika kwenye muziki, ni mi. Ukipiga kinanda, mkono mmoja unasoma, mwingine unapiga. Nikafumba macho nikapapasa na mimi. Niliona karatasi imeota chunusi, basi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Nasma, hakuona haja. Alisema watoto hawa wana masikio kutuzidi, wasikilize tu waimbe. Kipindi cha ziada akitoe wapi? Penina, ambaye ulimi kaurithi kwako, akamjibu kwa adabu kwamba amechoka kungoja wenzake waimbe kwanza ndipo na yeye ajue wimbo unakwendaje. Mkuu akatoa sharti: Cornel atunge wimbo ambao mtoto hajawahi kuusikia, naye ausome kwa vidole na kuuimba mbele yake. Akiweza, kipindi kipo. Akishindwa, mambo ya nukta za muziki yaishe.

Cornel akatunga. Kwa kuwa mimi nazisoma noti za kwaya, akaniomba nimwandikie mkuu nakala ya kufuatilia kwa macho, akanisihi nisimwimbie mtu.

Sasa dada, kwenye simu nilikuambia Penina aliimba kama malaika, mkuu akapiga makofi. Si kweli. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona atashindwa, na sikutaka nimwone siku hiyo akirudi nyumbani kimya. Basi wiki nzima nikawa nauimba ule wimbo nikikoroga uji, nikilisha kuku, popote Penina alipo. Nilijiambia kwamba simfundishi, naimba tu. Emilia aliuliza ni wimbo gani huo usioisha. Nikasema wa kwaya.

Ijumaa, mbele ya mkuu, Penina alipapasa mstari wa kwanza, akacheka. Akaomba radhi, akasema wimbo huu anaujua, baba yake kauimba wiki nzima akidhani mtoto hashtuki. Wampe mwingine, na baba asubiri nje. Dada, nilitoka kofia mkononi kama mwizi wa kuku.

Cornel akaketi palepale, akatunga wimbo mwingine na kuutoboa nukta kwenye karatasi. Nikasikiliza dirishani. Penina hakuimba kama malaika. Aliimba kama mtu anayechambua mchele: sauti moja, kimya, sauti nyingine. Katikati akanyamaza kabisa. Nikadhani ameshindwa. Kumbe amekosea, na hakuna aliyemwambia. Akarudisha kidole nyuma, akapapasa tena, akairudia ile sauti, safari hii juu kidogo, akaendelea mpaka mwisho. Mkuu akasema inatosha. Anayeimba kwa kukariri harudishi kidole. Kipindi ni Alhamisi.

Njiani Penina hakuninunia. Aliniambia tu kwamba siku nyingine nikiogopa nimwambie, maana hata yeye alikuwa anaogopa, tungeogopa pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa, dada, bila chumvi. Emilia anakusalimu, Penina anakuamkia. Nami natamani kukuona kabla mvua hazijaanza.

Mdogo wako asiyekua,
Lameck