Chai Ambayo Sikuimwaga

Jumatano, 4 Desemba

Leo nimewafundisha watu wa mauzo sheria ya ushindani. Nusu yao walifuata vitafunio — siwalaumu, hata mimi nisingekuja. Nikawaambia kwa lugha ya nyumbani: ukikutana na mtu wa kiwanda kingine cha magodoro, muulize watoto, muulize mpira. Bei usiguse. Yako wala yake, ya leo wala ya kesho.

"Na yeye akianza?" Redio akauliza. Redio ndiye muuzaji wetu hodari. Jina kalipata kwa sababu hazimiki.

Nikamjibu: simama, sema kwa sauti kwamba unaondoka, na ukiweza mwaga chai yako mezani. Watu husahau maneno. Aliyewamwagia chai hawamsahau. Wakacheka sana, mimi zaidi yao. Hata bosi alikaa mpaka mwisho, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu niajiriwe.

Alhamisi, 12 Desemba

Redio karudi kutoka mkutano wa wenye viwanda na doa kubwa kwenye suruali. Mtu mmoja alianza habari za bei, naye akamwaga kweli. Kikombe kizima! Halafu akaaga na kutoka. Sasa anauliza nani atamfulia suruali, mimi mwanasheria wao au kampuni. Ofisi nzima hoi. Nilitakiwa nikae naye nichukue maelezo yake. Nilicheka tu, nikarudi mezani kwangu kichwa kimevimba kwa sifa.

Jumapili, 15 Desemba

Nilikuwa kwa Dada. Shemeji ni mkuu wa mauzo wa wale wapinzani wetu. Kwenye familia hilo ni utani wa kila siku: eti nikilala kwao, nalalia godoro la adui. Dada alikuwa jikoni. Shemeji analalamika sponji ya magodoro imepanda bei, wanakula hasara, itabidi nao wapandishe.

"Nyie mnangoja nini, shemeji?" akaniuliza.

Nikasema tunangoja shule zifunguliwe. Hivyo tu. Wanafunzi wa bweni wote wanahitaji magodoro, nikaongeza, kana kwamba yeye hajui. Akaniongezea chai. Nikainywa yote.

Naandika nione kama ni jambo kubwa. Halionekani kubwa. Yule ni shemeji yangu, na pale palikuwa sebuleni, siyo mkutanoni.

Jumatatu, 6 Januari

Shule zimefunguliwa, tumepandisha bei. Wale nao wamepandisha. Asubuhi ileile.

Mlinzi wa getini alikuwa anamtafutia binti yake godoro la bweni. Kwetu kaona ghali, kakimbilia kwao, kakuta yaleyale. Kanunua lile jembamba kabisa. "Atalala anazihesabu mbao za kitanda," kaniambia, huku anacheka. Nilishindwa kucheka naye. Nilimtakia binti masomo mema nikapita haraka.

Jumatano, 8 Januari

Tume ya ushindani imepiga simu. Wanakuja wiki ijayo kuuliza imekuwaje viwanda viwili vipandishe bei siku moja.

Bosi kaniita, kafunga mlango. Nani alikaa chumba kimoja na wapinzani mwezi uliopita? Redio. Nani hajui kufunga mdomo? Redio. Nikasema lakini yule alimwaga chai, sote tuliliona doa. Bosi akasema huenda aliimwaga baada ya kumaliza kuongea.

Anataka nimhoji keshokutwa, mbele yake. Kisha Redio afukuzwe, ili tume ione kwamba mafunzo yetu si mapambo ya ukutani. Mafunzo yangu! Mimi ndiye niliyeweka kanuni kwamba mvunja sheria anaondoka, hata awe nani. Na mimi ndiye niliyeweka ile nyingine, kwamba anayejitaja kabla ya kuulizwa anabaki na kazi yake. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu, nafasi nzuri ya kujitaja kuliko hiyo sitaipata. Nikasema sawa, bosi.

Mwoga mimi. Mwoga na mnafiki.

Alhamisi, 9 Januari

Nimempigia Dada, nikamweleza yote.

"Ukijitaja wewe, umemtaja mume wangu," akasema. "Watoto wangu watakula nini? Huyo Redio si ndugu yako."

Nikamwambia Redio naye ana watoto. Akanijibu kwamba yeye hajamzuia mtu kuwa na watoto. Alikuwa analia. Dada yangu aliyenilea, sijawahi kumliza.

Mchana Redio mwenyewe kapita mezani kwangu. Anajua kesho anahojiwa. Nilidhani atafoka, kumbe kaja kunitoa wasiwasi.

"We niulize tu, dada. Usinionee haya. Si nilifanya kama ulivyotufundisha?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilienda kujifungia chooni, nikafungua bomba ili nisisikike.

Ijumaa, 10 Januari

Nipo kwenye benchi, nje ya mlango wa bosi. Redio keshaingia. Kavaa suruali ileile — doa halikutoka, kaja nalo liwe shahidi wake. Mlango haukufungwa vizuri, namsikia. Anaeleza alivyosimama, alivyoaga, kikombe kilivyoanguka. Anarudia. Bosi hasemi kitu. Redio anarudia tena, sasa kwa sauti ndogo, na kila mara maelezo yanakuwa mafupi zaidi. Leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiishiwa maneno.

Dada anapiga. Sijapokea. Anapiga tena.

Mama wa chai kapita na sinia, kaniwekea kikombe hapa pembeni. Kasema niingie nacho, humo ndani makoo yamekauka.

Bosi anaita: mwanasheria, njoo umuulize huyu maswali yako.

Nimeitikia nakuja. Maswali niliyoyaandaa nimeyaacha kwenye mkoba. Redio kanyamaza kabisa. Kikombe nimekishika kwa mkono wa kushoto, kimejaa mpaka juu; safari hii, si kama kwa Shemeji, sijanywa hata tone.